Planta ya hewa inaruka mbegu? Anza na hewa, sensa zije mwisho

Ukinunua planta ya hewa, yaani mashine ya kupandia mbegu inayovutwa na trekta, ya mistari minne na iliyokwisha kutumika, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuongeza sensa (vifaa vinavyohisi mbegu zikipita) na monita ya kuweka mbele ya dereva. Si ushauri mbaya, ila umewahi mno. Sensa itakuonyesha kwamba mstari wa tatu unaruka mbegu, lakini mpira wa hewa uliopasuka utabaki umepasuka. Mapengo mengi shambani yanaletwa na hewa inayovuja, diski iliyolika na visu vinavyochimba kina tofauti. Shughulikia hayo Agosti na Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza na kila mwenye trekta hajakimbilia kwa mafundi wa Nyakato, Mwanza.

Feni inayozungushwa na shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu nyuma ya trekta, inanyonya hewa upande mmoja wa diski yenye matundu. Kila tundu linakamata mbegu moja na kuizungusha hadi sehemu ambayo mnyonyo unakatika, kisha mbegu inadondoka. Mnyonyo ukiwa hafifu, tundu linapita tupu. Ukizidi, linabeba mbili. Kwa mahindi, planta nyingi za aina hii zinahitaji mnyonyo wa milibaa (kipimo cha shinikizo la hewa) 40 hadi 60, ila kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho.

Geji ya kwenye feni isikudanganye: inapima hewa pale ilipo, si kwenye mstari wa mwisho. Pima kila mstari kwa mpira mwangavu, ule ambao mafundi ujenzi hupimia levo ya msingi. Chukua mita 4, ufunge sehemu yake kwenye ubao kwa umbo la U, kila mkono sentimita 80. Jaza maji yenye rangi hadi katikati ya mikono. Ncha moja iache wazi. Toboa tundu la milimita 6 kwenye mpira wa hewa karibu na kisanduku cha diski, uchomeke ncha ya pili hapo. Ukimaliza, ziba tundu kwa bolti na silikoni, litakufaa tena msimu ujao.

Kabla ya kusoma, weka mbegu kwenye hopa (sanduku la mbegu) na uzungushe gurudumu la kuendeshea hadi matundu ya diski yajae. Diski ikiwa tupu hewa inapita huru na kipimo kinakuwa cha uongo. Zungusha PTO kwa mizunguko 540 kwa dakika, kisha pima tofauti ya urefu wa maji kati ya mikono miwili. Sentimita 50 ni milibaa 49, kwa hiyo sentimita unaweza kuzisoma kama milibaa bila kukosea sana. Shafti iwe na kava lake, na usisogeze mkono ndani ya mashine kabla injini haijazimwa.

Mistari yote ikisoma chini, tatizo liko kwenye feni: mkanda umelegea, beringi zimechoka, au PTO haifiki 540. Mstari mmoja ukiwa chini ya wenzake kwa sentimita 5 au zaidi, fuata mpira wake na sili yake.

Mipira ya hewa inauawa na jua, na panya wanamalizia stoo. Ukibadilisha, tumia mpira wa kunyonyea wenye waya ndani, kama ule wa pampu za kumwagilia bustani kando ya ziwa. Mpira laini wa kutolea maji unajiminya ukinyonywa. Kipenyo cha ndani kisipungue kile cha zamani, hata kama duka lina bei nzuri ya mdogo zaidi.

Sili ndiyo inayokula pesa kidogo na kuleta faida kubwa kuliko kipuri chochote kwenye mashine hii. Ni ile pete au bamba la plastiki ambalo diski inasugua juu yake. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye mtaro, badilisha. Kisha simamisha rula ya chuma juu ya uso wa diski, uitazame dhidi ya mwanga. Mwanga ukipenya, diski imepinda, na sili mpya juu ya diski iliyopinda haitamaliza msimu. Diski ya mahindi huwa na matundu ya karibu milimita 5, ya pamba ni madogo zaidi, kwa hiyo usifikirie kutumia moja kwa yote. Baada ya hapo rekebisha kikwanguo kinachoangusha mbegu ya ziada: mbili mbili zikitoka, kisogeze kuelekea matundu kidogo kidogo, mapengo yakitokea, kirudishe.

Kwa pamba kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayelitibu. Mbegu yenye manyoya inashikana na haitulii kwenye tundu, hivyo planta ya hewa inahitaji mbegu iliyoondolewa manyoya. Mistari iwe sentimita 60. Mkulima wa jembe anaweka miche miwili kila sentimita 30. Planta inadondosha moja moja, kwa hiyo pima sentimita 15 upate idadi ileile, karibu miche 45,000 kwa ekari. Mbegu zenye dawa zikinata kwa unyevu, changanya poda ya talki isiyo na manukato, vijiko vikubwa 2 kwa kilo 10. Vaa barakoa, maana feni inatoa vumbi la dawa.

Cheni na gia hazihitaji maelezo marefu. Pingili ya cheni iliyokakamaa inaruka, na mbegu zinadondoka kwa mafungu. Upepo wa matairi ya kuendeshea uwe sawa.

Visu vya diski mbili, vile vinavyofungua mfereji wa mbegu, vilivyokuwa na kipenyo cha milimita 380 vibadilishwe vikifika kama 368. Ingiza vipande viwili vya karatasi ngumu kati ya diski, kimoja juu na kingine chini, hadi vikwame. Nafasi kati ya vipande hivyo, yaani sehemu diski zinapogusana, iwe sentimita 4 hadi 5. Ikipungua, hamisha washa moja kutoka ndani kwenda nje. Zikiachana, mfereji unakuwa na umbo la W na mbegu inakaa juu ya udongo mkavu.

Udongo nao una sheria zake. Kwenye luseni, udongo wa kichanga, kisu kinazama bila kuulizwa, punguza spiringi. Kwenye ibambasi, udongo mgumu unaokakamaa, kaza spiringi na uongeze uzito kwenye fremu. Mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, ikilowa inajaa kwenye magurudumu ya kufukia: funga vikwaruzi, na kama tope bado linanata kwenye buti, subiri. Mahindi yakae sentimita 4 hadi 5, pamba 2 hadi 3.

Jaribio la shambani lifanyike kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa sekunde 60. Dereva achague gia ndogo na kubaki na mizunguko ileile. Akipunguza mafuta kwenye kona, mnyonyo unaanguka na mbegu zinaachiwa. Panda mita 10, kisha fukua mstari mmoja mmoja. Kwa nafasi ya sentimita 25 utegemee mbegu 40. Pengo linalozidi sentimita 37 lihesabu kuwa mruko, na zilizo karibu kuliko 12 kuwa pacha. Miruko ikiwa 2 au chini kwa kila mita 10, sasa nunua sensa, moja kwa kila bomba la mbegu, na brashi ya kuzisafisha vumbi kila jioni.