Kuchora Waridi na Kasri za Mashua za Mifereji kwenye Ndoo ya Bati

Mashua nyembamba zilizobeba makaa ya mawe katika mifereji ya Uingereza zilikuwa na urefu wa mita 21 hivi na upana wa mita 2 na kidogo. Katika karne ya 19, reli ilipozinyang'anya mizigo na kipato cha mabaharia kikashuka, wengi wao walihamia na familia zao katika chumba kidogo cha nyuma, wakakipamba kwa michoro ya waridi na kasri kuanzia milango na kabati hadi chombo cha bati cha maji kilichokaa juu ya paa. Fundi wa Mbeya aliyezoea kuandika mabango ya maduka ana karibu kila kitu kinachohitajika: rangi ya mafuta, tapentaini, msasa, vanishi na brashi za nywele ndefu laini.

Sugua ndoo kwa msasa laini, ioshe kwa sabuni, ipanguse kwa siki ili rangi ishike kwenye bati jipya, kisha isuuze na kuikausha. Paka praima ya bati, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, halafu rangi ya msingi iliyokoza, kama vile kijani, nyekundu au nyeusi. Mwezi Juni na Julai baridi ya Mbeya huchelewesha ukaukaji, kwa hiyo fanyia kazi ndani ya nyumba, mbali na umande wa asubuhi na vumbi la barabarani.

Waridi ndilo linalompima mchoraji. Anza na majani ya kijani, kisha weka madoa ya mviringo mahali pa maua: rangi ya damu ya mzee kwa waridi jekundu, ya chungwa kwa la njano, ya pinki kwa jeupe. Acha yakauke kabisa. Anayeharakisha hapa hupata tope. Petali huja baadaye kwa rangi iliyo angavu zaidi, kila moja kwa mkokoto mmoja wa brashi: ikandamize inapoanza, ivute kwa mzingo, iinue taratibu ili mkia uwe mwembamba. Tangulia na petali kubwa za chini na za pembeni, malizia na ndogo za katikati, na hakikisha doa la msingi linaonekana kati yake, kwani hilo ndilo kivuli cha ua. Mkokoto uliokwenda kombo usirudiwe juu yake. Ufute kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, uanze upya. Wachoraji wa karakana za mashua, kama Frank Nurser wa kijiji cha Braunston, Uingereza, walikuwa mafundi wa kazi za kila siku, na wepesi huo wa mkono ndio unaoyapa maua yao uhai, jambo ambalo penseli na rula haziwezi kulifikia. Mishipa ya majani ichorwe mwisho, kwa njano.

Kasri ni rahisi zaidi: mbingu, milima ya mbali, ziwa, daraja, na mnara wenye paa jekundu. Hata hivyo, sioni ubaya kuweka Mlima Rungwe nyuma ya mnara huo.

Kila kitu kikishakauka, paka vanishi nje tu. Ndani ya ndoo itakayotekewa maji ya kunywa usipake rangi wala vanishi.