Wawili kwenye TAZARA: kateni chumba, msikate vitanda

Tumejifunza hili tukipanga safari yetu ya kwanza ya kulala njiani, kwa treni ya TAZARA, Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ukikata tiketi mbili tu, mume anapangwa chumba cha wanaume na mke cha wanawake, hata kama mna pete vidoleni. Dawa yake ni kulipia vitanda vyote vya chumba kimoja: vinne daraja la kwanza, sita daraja la pili. Chumba kikishajaa kwa tiketi zenu, hakuna wa kuchanganywa nanyi. Tiketi nne zinauma mfukoni, kwa hiyo tafuteni wanandoa wengine mnaoelewana nao mgawane. Mtabaki na faragha nusu, lakini mtakuwa pamoja. Kabla ya kuondoka dirishani, soma tiketi moja moja: namba ya behewa na ya chumba ziwe zilezile zote. Mbinu hii hukwama mkichelewa kukata, au mkipandia katikati, tuseme Mbeya, ambako vyumba vingi huwa tayari vina watu. Hapo gaweni chakula na maji mapema, kila mtu na mfuko wake, mkutane behewa la chakula.