London mpaka Pemba ni masaa mangapi hasa?

Ukigugo umbali wa London na Unguja utaambiwa kilomita 7,400 hivi kwa mstari ulionyooka, na mtu akishaona namba hiyo anapiga hesabu ya masaa ya angani tu, anampigia mama simu "kesho mchana nipo nyumbani", maskini bibi wa watu anachinja kuku. Safari zetu karibu zote ni za kuunganisha, Addis Ababa, Doha au Istanbul, na hapo ndipo masaa yanapoliwa. Nauli ikiwa rahisi kupita kiasi itazame vizuri, mara nyingi utakuta umewekwa kwenye viti vya Doha usiku mzima. Na kama umekata tiketi mbili mbalimbali basi usijibane na saa moja ya kubadilisha ndege, ya kwanza ikichelewa ya pili haina habari na wewe. Kushukia Dar si vibaya kama nauli inapishana sana, boti mpaka Malindi, bandari ya Unguja, masaa mawili hivi, ila foleni ya kutoka eapoti mpaka bandarini nayo ihesabu.

Sasa umetua Kiembe Samaki, uwanja wa ndege wa Unguja. Wa Mjini na wa Makunduchi washafika, Mpemba bado. Kutoka hapo mpaka uwanja wa Chake, kule Pemba, ni kama kilomita 125, ndege ndogo nusu saa tu, lakini mzigo kawaida ni kilo 15 na wewe umekuja na masanduku mawili ya kilo 23, mablanketi na viatu vya ukoo mzima, haya yataenda wapi? Ndo maana wengi tunaishia boti ya Mkoani, bandari ya Pemba, halafu gari mpaka Chake, na wa Wete na Konde bado wana njia mbele yao. Boti haikungoji wewe, ukitua alasiri jua unalala Mjini, kwa hivyo mwambie ndugu mapema asikuwekee futari bure. Miezi ya kusi bahari inachafuka kwelikweli, mwenye kutapika achukue ndege na mzigo aupakie kwenye boti na mtu anayemjua. Mimi naona kwa Mpemba hesabu ya kweli ni siku mbili, ikipungua ushukuru.

Tiketi ikiandika 01:30 Jumamosi, maana yake ni usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani Ijumaa usiku uwe ushafika eapoti. Watu wanakosa ndege hivi hivi. Nyumbani tuko mbele ya Uingereza masaa matatu wakati wa baridi, mawili wakati wa joto.

La msiba nalo tulisemee. Maiti kwetu hasubiriwi siku mbili, akifa asubuhi mara nyingi alasiri ashazikwa, kwa hivyo usikope pauni elfu moja usiku huohuo ukidhani utawahi kaburi. Kata tiketi ya kuwahi hitma, au hata wiki ya pili, watu wakishaondoka ndo mzee anahitaji mtu wa kukaa naye.

Na wenye pasipoti za kigeni, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya kuingia Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, ilipieni mtandaoni kabla hamjaondoka, msianze kuhangaika na simu kwenye foleni ya uhamiaji watoto wamelala mabegani.