Somo: Kuzuia relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) isitetemeke jua linapozama, kwa kutumia histeresisi

Swali la taa ya uani inayowaka na kuzimika mfululizo jua likizama limeulizwa mno, kwa hivyo naliandikia somo, na atakayeliuliza tena ataelekezwa huku.

Hapa Nakuru tuko karibu na ikweta na giza huingia upesi, lakini kwa LM393, yaani komparata, chipu inayolinganisha volti mbili na kujibu ndani ya mikrosekunde chache, huo ni mwendo wa kinyonga. Volti ya kihisi cha mwanga inapokaribia kizingiti, yaani volti ambapo chipu hugeuza jibu lake, kila kiwimbi kidogo cha umeme hukivuka kwenda na kurudi, na relei hufuata. Dawa ni kuwa na vizingiti viwili, kimoja cha kuwasha na kingine cha kuzima; hiyo ndiyo histeresisi.

1. Peleka volti 12 kwenye pini ya 8 na hasi kwenye pini ya 4, kisha weka kapasita ya nanofaradi 100 kati yake.

2. Unganisha LDR (kihisi cha mwanga, ambacho ukinzani wake hupanda gizani) kutoka volti 12 hadi pini ya 2, na preseti (rezista ya kurekebishwa) ya kiloomu 50 kutoka pini ya 2 hadi hasi.

3. Rezista mbili za kiloomu 10 ziipe pini ya 3, inayolinganishwa na pini ya 2, volti 6.

4. Weka rezista ya kiloomu 4.7 kutoka pini ya 1, inayotoa jibu, hadi volti 12, kwa kuwa LM393 huweza kuivuta pini hiyo chini tu, haiwezi kuipandisha.

5. Rezista ya kiloomu 100 itoke pini ya 1 irudi pini ya 3, wala si ya 2.

6. Hapa ndipo saketi nyingi zinazoletwa mezani kwangu huharibikia. Ukiunganisha pini ya 1 moja kwa moja na besi ya BC547 (transista inayoendesha relei), besi huishikilia pini hiyo kwenye volti 0.7 hata inapotakiwa kupanda, na kwa kuwa rezista ya hatua ya 5 hurudisha tu kile kinachotokea pale, pengo kati ya vizingiti hubaki kama volti 0.02, yaani ni kana kwamba hukuiweka. Tia kiloomu 10 kati ya pini ya 1 na besi. Pini itapanda hadi volti 8.4 hivi, vizingiti vitakuwa karibu 6.11 na 5.72, na pengo litakuwa volti 0.39. Pima kwa mita kabla ya kugusa upande wa volti 240.

7. Daiodi ya 1N4007 ikae sambamba na koili ya relei, upande wenye mstari ukielekea chanya.

Maswali ya wanachama

*Kakamega:* Nimefuata kila kitu na bado inatetemeka. Shida ni nini?

Pini ya 1 inasoma volti ngapi taa inapotakiwa kuwaka?

*Kakamega:* 0.7.

Basi hatua ya 6 hukuifuata.

*Kisumu:* Mwalimu, kapasita kubwa kwenye pini ya 2 haitoshi? Fundi mmoja aliniambia histeresisi ni kupoteza rezista.

Rezista ni moja tu, tena ya bei ndogo. Kapasita hupunguza viwimbi, lakini pia huifanya volti ipite kizingitini polepole zaidi, na kiwimbi kinachosalia bado hutosha kuisumbua. Itumie pamoja na histeresisi, si badala yake.

*Bungoma:* Samahani mwalimu, nataka kuitumia kwa taa ya joto ya vifaranga. Nitajuaje pengo hilo ni nyuzi ngapi?

Swali zuri, dada. Badilisha LDR kwa themista ya NTC ya kiloomu 10 (rezista ambayo ukinzani wake hupanda kwenye baridi), na mengine yabaki yalivyo, kwa maana baridi itashusha volti ya pini ya 2 kama giza linavyoishusha. Karibu na volti 6, kila nyuzi moja ya Selsiasi huisogeza volti hiyo kwa takriban 0.13, hivyo 0.39 ni kama nyuzi 3. Ukiona ni nyingi kwa vifaranga, weka kiloomu 220 katika hatua ya 5, na pengo litashuka hadi nyuzi moja na nusu hivi.

*Kisumu:* Na yangu sasa huwaka na kuzimika taratibu, kila baada ya sekunde moja.

Huo si mtetemo wa komparata. LDR inaiona taa yako yenyewe. Igeuze itazame mbinguni na uifunike ubavuni kwa kipande cha paipu nyeusi.