Kuchanganya unga wa mwarobaini kwenye akriliki ya meno bandia

Mzee anavua meno yake ya juu, na kaakaa limeiva wekundu kwa umbo lilelile la bamba. Mara nyingi hiyo ni kazi ya fangasi, Candida albicans, anayejificha kwenye vitundu vya akriliki, plastiki ya bamba hilo, hasa kwa mtu anayelala na meno mdomoni. Mgonjwa huyo avue meno usiku, ayasugue, na amwone daktari apewe nistatini, dawa ya fangasi. Sisi mafundi tujaribu kumkinga tangu kwenye akriliki yenyewe, kwa kuichanganya na mwarobaini tuone kama utaua fangasi. Unachotengeneza hapa ni sampuli za kupima, usimvike mtu.

Hatua ya 1. Osha majani ya mwarobaini, yaanike kivulini hadi yavunjike kwa kidole, yasage, uchekeche mara mbili. Chembe kubwa ndipo ufa unapoanzia.

Najua wengi mngetamani mafuta ya karafuu. Eujenoli, kiini chake, inaua fangasi kweli, lakini inazuia monoma (kimiminika kinachochanganywa na unga wa akriliki) isigande, na akriliki inabaki laini.

Hatua ya 2. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Kwa gramu 20: mwarobaini 0.2, unga wa akriliki 19.8. Hiyo ni asilimia 1. Andaa fungu jingine la asilimia 2, na la tatu lisilo na mwarobaini, la kulinganishia. Changanya vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja.

Hatua ya 3. Vaa glavu, fungua madirisha. Kwa ujazo, unga vipimo vitatu, monoma kimoja. Funika. Donge likiacha kunata kwenye chombo, lishindilie kwenye flaski, yaani kalibu.

Hatua ya 4. Ivisha kwenye maji ya nyuzi 74 kwa saa 8. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Monoma huchemka kwenye nyuzi 100 hivi. Moto ukipanda ghafla mvuke wake huacha matundu ndani, nawe umemjengea fangasi nyumba. Flaski ipoe yenyewe.

Hatua ya 5. Kata vipande vya milimita 64 × 10 × 3.3, vipige msasa, viloweke kwenye maji ya nyuzi 37 kwa saa 50, kisha vivunjwe kwa mashine ya kupinda. Kiwango cha ISO 20795-1 kinadai nguvu ya kupinda ya angalau megapaskali 65 kwa akriliki ya kuivishwa kwa joto. Ukipata chini ya hapo, punguza mwarobaini, hata kama unaua fangasi vizuri.

Vipande vingine vipeleke maabara ya vijidudu wapandishe fangasi juu yake na kuhesabu, mafungu yote matatu. Bakiza vichache uviloweke mwezi mzima, ndipo navyo vipimwe: huenda dawa yote imeshatoka ikaishia majini.