Somo: Kuchagua picha ya makala ya Wikipedia, iliyo huru au yenye hakimiliki

Somo hili ni kwa wanaoandika katika Wikipedia ya Kiswahili na wanaotaka kupamba makala zao bila kuwadhulumu wapiga picha. Tuchukue mfano wa makala juu ya historia ya Dar es Salaam, inayohitaji picha moja ya mji enzi za Wajerumani na nyingine ya soko la samaki la Feri lilivyo leo.

Hatua ya kwanza: mtafute aliyepiga picha. Tovuti ulikoikuta haikusaidii sana, kwa kuwa picha moja huzunguka katika kurasa nyingi hadi jina la mwenyewe likapotea njiani. Wala usidhani kwamba picha isiyo na alama ya hakimiliki ni ya bure. Kwa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kazi hulindwa tangu inapotengenezwa, bila kusajiliwa wala kutiwa alama. Picha isiyojulikana asili yake iachwe, hata ikiwa nzuri namna gani.

Hatua ya pili: soma leseni yenyewe. Hazina ya picha iitwayo Wikimedia Commons hupokea baadhi ya leseni za Creative Commons (kwa kifupi CC), ambazo ni masharti yaliyo tayari ya kuwaruhusu wengine watumie kazi yako. Mojawapo ni CC BY, inayodai mpiga picha atajwe. Nyingine ni CC BY-SA, inayodai pia kwamba atakayeibadilisha picha aitoe kwa leseni ileile. Ya tatu ni CC0, ambayo mwenyewe ameziachilia haki zake zote. Ukiona herufi NC, zinazozuia biashara, au ND, zinazozuia mabadiliko, picha hiyo haifai. Wengi hunung'unikia sharti hili wakisema kwamba Wikipedia haiuzi kitu. Hata hivyo, makala zetu yeyote anaruhusiwa kuzichapisha na kuziuza, na mchapishaji wa vitabu vya shule anayezichukua hapaswi kulazimika kung'oa picha moja baada ya nyingine. Naliona kuwa sharti la haki.

Hatua ya tatu: pima umri wa picha kwa makini, kwa maana hapa ndipo makosa huwa mengi. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin alipiga picha katika Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akafariki mwaka 1961. Sheria ya Ujerumani huilinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha aliyeitengeneza, kwa hiyo hata picha aliyoipiga mwaka 1910 inalindwa huko hadi mwisho wa mwaka 2031. Tunaweza kuzitumia picha zake, lakini si kwa sababu ni kuukuu. Ni kwa sababu Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ilitoa zaidi ya picha 80,000 kwa Commons kuanzia Desemba 2008 kwa leseni ya CC BY-SA, na za Dobbertin zimo. Anayeandika historia ya pwani yetu na aanzie huko.

Hatua ya nne: ukishachagua, andika jina la mpiga picha, mwaka na leseni katika ukurasa wa faili.

Je, picha yenye hakimiliki haitumiki kabisa? Azimio la Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia na Commons, la Machi 2007 linauruhusu kila mradi, isipokuwa Commons, kujiwekea kanuni ya matumizi machache, kwa mfano nembo au jalada la kitabu kinachojadiliwa. Mlango huo ni mwembamba. Soko la Feri halipiti hapo, kwa sababu mwenye simu yoyote anaweza kwenda kulipiga picha na kuitoa kwa leseni huru.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata picha ya mbunge aliye hai katika tovuti ya serikali. Je, mali ya serikali si ya wote?

Jibu: Marahaba. Kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani, zikiwemo za shirika lake la anga, NASA, kwa kawaida hazina hakimiliki nchini humo, lakini usiihesabu serikali nyingine kwa kipimo hicho. Isitoshe, azimio la 2007 halikubali picha zisizo huru za karibu watu wote walio hai, kwa kuwa picha huru yao bado inaweza kupatikana.

Swali: Babu yangu marehemu alikuwa mwanamuziki, nami ninayo picha yake ya studio. Naweza kuipakia?

Jibu: Kuwa na karatasi ya picha si kuwa na hakimiliki yake. Mtafute mwenye studio au warithi wake, wakupe ruhusa ya maandishi inayotaja leseni. Maneno "naruhusu Wikipedia" hayatoshi, kwa maana ruhusa lazima iwe kwa watu wote.

Swali: Nikiipunguza ukubwa au kuipaka rangi upya?

Jibu: Haki za mwenyewe hubaki palepale.

Swali: Na sanamu iliyo uwanjani, nikiipiga picha mwenyewe?

Jibu: Picha ni yako, lakini mchongaji naye ana haki zake katika sanamu. Sheria ya Kenya inaruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma. Nchi nyingine huweka masharti makali zaidi. Soma kwanza ukurasa wa Commons unaohusu nchi ilipo sanamu hiyo, ndipo upakie.