Skuta za umeme za kukodi: jinsi ya kuandika sheria ndogo itakayofanya kazi Dar

Hii ni ya diwani, mtendaji wa kata, ofisa wa manispaa, au wewe mkazi ambaye ukiitwa kutoa maoni hutaki kukaa nyuma unachezea simu. Naongelea zile skuta za kusimama, zina mota na betri, unaifungua kwa simu unapanda unaenda zako, ukifika unaiacha hapohapo mwenzio aichukue. Watu wengi wakisikia hivyo wanawaza spidi. Mi nakwambia kesi kubwa ni zinapoachwa.

Anza kwa kujua nani mwenye nini. Barabara kubwa kama Morogoro na Nyerere ni za TANROADS, za mitaani ni TARURA, njia ya mwendokasi ni DART, usafiri wa kibiashara LATRA, na wa kukamata ni trafiki. Waite wote mezani mapema maana sheria ndogo ina mlolongo wake, wananchi watangaziwe watoe maoni, ipelekwe TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, waziri aidhinishe, itoke kwenye Gazeti la Serikali, kwahiyo ukisubiri skuta zimwagwe mtaani ndo uchukue kalamu umeshachelewa. San Francisco ilikuwa hivyo, Machi 2018 makampuni yalimwaga skuta bila kibali, Juni jiji likaziondoa, Oktoba ndo zikarudi chache zenye vibali. Na sisi bodaboda ziliingiaje kwani? Sheria ilikuja nyuma inahema.

Haya, maegesho. Usiandike "ziegeshwe bila kusumbua wengine", hiyo haimbani mtu. Andika kwamba safari haifungwi mpaka skuta iwe ndani ya boksi lililochorwa, mtu apige picha, na asipofanya hivyo hela inaendelea kukatwa. Maboksi usiyachore kwenye njia ya miguu, njia zenyewe ziko wapi? Ukitoka mtaa wa Msimbazi kuelekea mtaa wa Uhuru kila hatua kuna meza ya mtu, na pale shule ya Uhuru Mchanganyiko kuna watoto wasioona wanaotembea kwa fimbo, skuta moja imelala chini ni mtoto kuvunjika jino. Chukua nafasi ya gari moja karibu na makutano, hapo zinaingia skuta kibao, na gari ikitoka kwenye kona dereva anamwona vizuri anayevuka. Maboksi yawe mengi na karibu karibu, yakiwa mbali watu watatupa tu. Ila hata hayo peke yake hayaokoi: Paris walichora sehemu za kuegesha kama 2,500, wakabaki na kampuni 3 na skuta 15,000, spidi wakaifunga kilomita 20 kwa saa, na bado Aprili 2023 wakazi walipoitwa kupiga kura karibu 90% ya waliojitokeza walisema ziondoke (waliojitokeza wenyewe hawakufika 8%, hiyo nayo ijue), na mwisho wa Agosti zikaondoka kweli.

Kwahiyo anza na skuta chache. Kibali kiseme idadi, na kampuni ikitaka kuongeza ioneshe kwamba zilizopo zinatembea, hazijasimama tu juani Posta. Oslo walikuja kupunguza mpaka 8,000 mwaka 2021 na wakazizima usiku kuanzia saa 5 mpaka saa 11 alfajiri, kwasababu walevi walikuwa wanajaa hospitali. Dar hilo la usiku lichukue kama lilivyo, weekend ya Masaki unaijua.

Spidi sasa. Uingereza skuta za kukodi mwisho ni kama 25 kwa saa, Ujerumani 20. Mi ningeandika 20, kwasababu tairi zake ni ndogo, shimo ambalo baiskeli inaruka lenyewe linakumeza, na mchanga wa pembeni mwa lami ukikanyaga na breki umeisha. Kampuni itakuja na uzio wa GPS, kwamba skuta ikiingia eneo fulani inapunguza mwendo yenyewe. Ni kitu kizuri, tumia kwa eneo zima: Kariakoo, Feri, Coco wikiendi. Usidanganywe kwamba itajua mtu yuko njia ya miguu au yuko barabarani, GPS inakosea mita kadhaa, na katikati ya maghorofa ya Posta ndo kabisa.

Njia za baiskeli ziruhusu, lakini nenda ukazione kwanza. Ile ya pembeni ya Morogoro Road mchana ina bodaboda, mikokoteni, muuza matunda na gari limepaki, sasa ukiandika "skuta zitumie njia ya baiskeli tu" umemwambia mtu apae. Andika palipo na njia wapite humo, pasipo na njia wapite barabara ya mitaa ya mwendo mdogo, na njia ya mwendokasi marufuku bila mjadala. Njia ya miguu pia marufuku, Singapore walifika huko Novemba 2019 baada ya kuvumilia sana.

Mshikaki usiuache hivihivi, andika mtu mmoja skuta moja. Umri 18. Najua laini zimesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA ila dogo akichukua simu ya mama imeisha hiyo, kwahiyo apu iombe picha ya uso wakati wa kufungua.

Faini ielekee kampuni. Trafiki hawezi kukimbizana na kijana kwenye vichochoro vya Sinza, ila kampuni ina hela, ina ofisi na ina rekodi ya nani alikuwa nayo. Iweke dhamana halmashauri kabla ya kuanza, kila skuta iwe na namba kubwa inayosomeka kwa mbali, ikiripotiwa imezagaa wana saa mbili za kuiondoa, zikipita manispaa inaibeba na gharama zinakatwa kwenye dhamana. Bima ya kumlipa anayegongwa iwe lazima. Data za safari wakupe lakini bila majina, sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo. Na masika ikianza kutishia, kampuni izitoe zote Jangwani na mabondeni kabla maji hayajaja, hilo nalo liandikwe na muda wake, la sivyo utazikuta kwenye tope la mto Msimbazi na hakuna atakayezidai.